Punje ya Kahawa Kwenye Meza ya Bwana

Kiruruma, Jumapili, Juni 1951

Ukungu wa leo haukuondoka mpaka saa nne. Sasa jua linaelekea kuchwa, kahawa tumeshaianua, mbuzi wamefungwa, na mimi nimekaa nyuma ya nyumba juu ya kinu kilichopinduliwa, daftari gotini. Kichwa kinaniuma na sijanywa kitu.

Naandika kwa Kiswahili changu cha jeshini kwa sababu moja tu: Yudita hawezi kukisoma. Mke wangu anasoma Kinyambo, anasoma Kihaya, anasoma na Kiganda cha vitabu vya nyimbo, na kila karatasi inayoingia nyumba hii lazima ipite machoni pake. Kiswahili ndicho kichaka nilichobakiwa nacho cha kujificha.

Leo nimejiaibisha kanisani mbele ya watu wote.

Au sijajiaibisha. Sijui. Ngoja niliandike kama lilivyotokea, nisije nikalipamba.

Leo ilikuwa mara yangu ya kwanza kula Chakula cha Bwana. Nilibatizwa Pasaka hii iliyopita, mtu mzima na mvi zangu, nikiwa nyuma ya Yudita kwa miaka mingi, maana yeye alibatizwa angali msichana. Nilipiga magoti pamoja na wanaume wengine. Mchungaji akaja na sahani, akaniwekea mkate mdomoni. Nikaumeza mzima bila kutafuna. Ukakwama. Nikakohoa machozi yakanitoka, na waliokuwa nyuma wakadhani ni Roho anafanya kazi. Kikombe kilipofika nilishukuru kwanza kwa ajili ya koo, nafsi ikafuata baadaye.

Halafu nikanyoosha mkono, kiganja juu, nikamngojea Mchungaji.

Mama mmoja upande wa wanawake akanong'ona, "Huyu kanogewa." Nilimsikia. Walidhani naomba mkate wa pili! Lakini kiganjani mwangu kulikuwa na punje moja ya kahawa, mbichi, na ile punje ilikuwa na damu yangu.

Mchungaji akaiangalia. Yeye ni mtu wa Bukoba, kazaliwa ndani ya kahawa kama sisi, hakuhitaji kuelezwa. Kisha akaichukua ile punje, akaifumbata, akaenda kwa mtu aliyefuata kana kwamba hakuna kilichotokea. Nilipoinuka, ndipo watu walipoona kanzu yangu nyeupe ina doa jekundu penye kitovu. Makofi ya mshangao, mikono vinywani. Lo! Nilitembea mpaka kwenye benchi langu nikiona njia nzima ni mlima.

Sasa nieleze kwa nini, maana hata mimi nikijisoma kesho nitataka kujua huyu mjinga alikuwa anafikiri nini.

Kwetu kuna omukago. Kwa Kiswahili nasikia wanaita kuchanjiana. Sisi tunasema watu wamenywana, na maana yake ni hiyo hiyo unayoisikia: wewe umemnywa mwenzio, naye amekunywa. Mnakaa mkekani mkitazamana. Linapasuliwa tunda moja la kahawa lenye punje mbili. Kila mmoja anajichanja kidogo penye kitovu, anapaka punje yake damu, anaiweka kiganjani, na mwenzake anaichukua kwa midomo na kuimeza nzima. Hutafuni. Anayetafuna anamtafuna ndugu yake. Toka siku hiyo mnaitana munywani, na tumbo lako ndilo shahidi. Ukimgeuka, tumbo litavimba likuseme.

Mimi nimenywana na Katunzi wa Kaisho. Tulikuwa vijana, tulikutana kwenye kuswaga ng'ombe za watu, tukapendana. Haikupita miaka mingi nikachukuliwa kwenda vitani. Yudita nilimwacha na mimba ya Eva, nyumba inavuja, na shamba la migomba ambalo mwanamke mmoja mwenye tumbo hawezi kulimaliza. Kutoka Kaisho mpaka hapa ni mwendo wa siku mbili kwa mguu. Katunzi alikuja kila msimu. Alilala kwenye banda la wageni, alipalia, alitandaza nyasi mashinani, alikata majani makavu, akaezeka paa, kisha akarudi kwake kulima la kwake. Nilirudi baada ya miaka minne nikakuta migomba imesimama, mtoto anakimbia, na mke wangu amenenepa kuliko nilivyomwacha. Majirani walikuwa na maneno yao. Mimi sikuwa na swali hata moja.

Huyo ndiye Katunzi. Hajabatizwa, na ukimwambia habari za kubatizwa anauliza kama maji yenyewe ni ya moto.

Lakini Pasaka alikuja. Alinibebea samli kwenye kibuyu, akakaa nyuma kabisa kanisani, akaniona nikimwagiwa maji, akacheka kwa sababu nilifumba macho kama mtoto anayeoshwa. Tulipomaliza kula ndizi na nyama akaniuliza, kwa upole kabisa, "Huyo Mungu wako mmenywana?"

Nikasema ndiyo. Nikajieleza vizuri, nilikuwa nimetoka darasani na maneno bado yalikuwa ya moto. Nikamwambia ametoa damu yake, nami nitaipokea Mezani.

"Naye amepokea ya kwako?"

Nikasema haihitaji.

Katunzi akawaza kidogo huku anajichokonoa meno. "Basi wewe si ndugu yake. Wewe ni mgeni wake. Mgeni anakula, anashukuru, anakwenda."

Akaaga, akashika njia ya Kaisho, akaniachia huo mwiba mguuni. Ningemkasirikia ingekuwa nafuu. Tatizo ni kwamba alikuwa amesema kitu nilichokuwa nakijua na sikuwa na jina lake. Tangu nibatizwe nasali asubuhi na jioni, na kila nikisali najiona nimeingia kwenye sebule ya mtu mkubwa. Najifuta miguu, nasema maneno niliyofundishwa, naangalia nisiguse kitu, natoka kinyumenyume. Yeye simwoni. Sauti yake siisikii. Yudita akisali anaongea kama anayegombana na kaka yake, mara nyingine nasikia anamlaumu kabisa, "Sasa mvua hii ya nini?" Namwonea wivu mke wangu. Nimeandika, basi. Namwonea wivu.

Nilitaka kukaribia. Hilo tu. Na njia ya kumkaribia mtu ninayoijua mimi ni moja.

Kwa hiyo alfajiri ya leo niliingia shambani na wembe. Tunda la kwanza nililopasua lilikuwa na punje moja tu ndani, nikalitupa, maana hilo ni mkosi. La pili vilevile. Nikasimama pale na umande mpaka magotini nikajiambia, Zakaria, huenda huyu Mungu anakukataza kwa adabu. Nikapasua la tatu. Punje mbili safi, zimekumbatiana. Nikajichanja, nikapaka moja, nyingine nikaiweka mfukoni, na yule mpumbavu wa kanzu nyeupe akaenda kanisani.

Baada ya ibada wazee wa kanisa waliniita nyuma, kwenye mawe ya ukuta wa kanisa ambao haujaisha. Walikuwa wanne, na Mchungaji wa tano. Mchungaji hakusema neno. Alikaa ameshika tumbo lake. Kila mtu anajua tumbo lake ni bovu, hali pilipili. Aliyesema ni Mzee Elieza.

Mzee Elieza ni jirani yangu, mashamba yetu yanapakana. Ni mlokole, na ulokole wake si wa mdomoni. Alirudisha mbuzi aliyemwiba miaka ishirini iliyopita, akampelekea mtoto wa mwenye mbuzi, maana mwenyewe alishakufa. Ananiita ndugu kila tukikutana. Lakini naye niseme ukweli: akichinja, kinachonifikia ni harufu.

Akaniambia nimechanganya meza mbili. Akasema damu ya Mwana-Kondoo haitaki nyongeza, na kilichonipotosha ni ule ushetani wa Kaisho niliokuwa nao tumboni. Kwa hiyo Jumapili ijayo nisimame mbele ya watu, Mchungaji aniulize, nami nijibu kwa kinywa changu kwamba nimemwacha Katunzi na omukago wake. Kumwacha maana yake nisimwite ndugu, nisile naye, nisimpokee kwangu kama wa kwangu. Nikikataa, nikae mbali na Meza mpaka nitakapokubali.

"Mshika mawili moja humponyoka," akamalizia.

Nami badala ya kunyamaza nikajibu, "Mikono Mungu kaniumbia miwili, mzee."

Kinywa changu hiki! Yudita husema kitanizika kabla ya ugonjwa. Wale wengine walinikodolea macho kama nimetukana. Lakini Mzee Elieza hakukasirika. Akasema polepole kwamba naye alikuwa na munywani wake. Alimwacha mwaka ule alipookoka. Nikamwuliza, kwa heshima safari hii, aliitwa nani. Akainuka, akaenda kuangalia baiskeli yake kana kwamba kuna mtu aliyeigusa, na kikao kikaishia hapo.

Nimekuwa nikimfikiria toka saa ile. Nilitaka kumchukia, sasa siwezi hata hilo.

Njiani Yudita alitembea nyuma yangu mpaka tulipovuka kijito. Huko ndiko alikoanza. "Na kanzu nani atafua?"

Nikamweleza yote. Akakaa kwenye jiwe akacheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, "Mungu wangu, nimeolewa na mwanamume anayetaka kuchanjiana na Wewe," na mimi nikaanza kucheka pia, nikidhani tumepona. Kisha nikaona machozi yake si ya kicheko tena.

Akaniambia mambo mawili, na hayakai kwenye kikapu kimoja. La kwanza, kwamba alinisubiri miaka yote hii nije Mezani. Kila mara alikuwa anarudi kwenye benchi akiangalia upande wa wanaume, na leo mwishowe aliniona nimepiga magoti, na sikumaliza hata siku moja kabla sijafukuzwa. La pili, kwamba Katunzi ndiye aliyemlimia akiwa na Eva tumboni, na siku ya uchungu ndiye aliyekimbia kumwita mkunga. "Ukimkana, nitamkaribisha kwa mlango gani? Wa nyuma, kama mwizi?"

Nikamwuliza, basi nifanye lipi?

"Mimi nijuaje? Wewe ndiye uliyechanja tumbo."

Alisema hivyo akajifunga khanga yake vizuri, akatangulia. Tulifika nyumbani kila mmoja na lake.

Mchana sikula. Kilichonisumbua kikawa kitu kimoja kidogo tu: ile punje iko wapi? Wanaosema ni ushirikina wacha waseme, lakini ile ilikuwa damu yangu. Kama Mchungaji kaitupa kwenye majani, akaja kuku akaidonoa, basi mimi Zakaria, mwanajeshi wa zamani, Mkristo wa miezi miwili, nimenywana na kuku. Nikainuka nikaenda kwake.

Nilimkuta uani, amevua kanzu ya ibada, mkewe anamenya ndizi pembeni.

"Shikamoo, Mchungaji."

"Marahaba, ndugu Zakaria. Karibu kiti."

Nikamwambia nimefuata punje yangu.

Akamtazama mkewe. Mkewe ni mwanamke mwerevu, akachukua kisu chake na kapu lake akahamia jikoni bila kuambiwa. Mchungaji akasogeza kiti mpaka magoti yetu yakakaribia kugusana.

"Sina," akasema.

"Umeitupa?"

"Nilitaka. Nilipogeuka madhabahuni kumalizia kilichobaki kikombeni, bado nilikuwa nimeifumbata. Nikasema nitaitupa nje. Nikakumbuka baba yangu na munywani wake. Baba alipokufa, yule mzee alitambaa kwa magoti toka langoni mpaka kaburini. Nikashindwa kuitupa damu ya mtu." Akapangusa uso kwa kiganja. "Nikaimeza. Pamoja na kile cha kikombeni."

"Uliitafuna?" Hilo ndilo swali lililonitoka.

"Niliimeza nzima."

Jikoni mkewe aliacha kumenya, nadhani alikuwa anasikiliza, nami ningekuwa yeye ningesikiliza. Kichwani mwangu mambo yalikuwa yanagongana. Damu yangu na ile ya kikombeni zimeshuka koo moja. Mimi na Mungu, kama ni kukutana, tumekutana ndani ya tumbo la Mchungaji, tumbo lenyewe halivumilii hata pilipili.

Nikamwuliza, "Sasa aliyenimeza ni nani? Ni wewe, au ni Yeye?"

Nilidhani atanikemea. Angenikemea ningepona, ningejua nimekosea nikatubu nikaenda kuanua kahawa. Lakini yule mtu, na elimu yake yote, aliangalia mikono yake.

"Pale Mezani nasimama badala yake. Mkono unaotoa si wangu, nimeambiwa hivyo na naamini. Sasa ule unaopokea ni wa nani, hilo chuoni hawakutufundisha."

"Na Jumapili utaniuliza?"

"Nitakuuliza. Wazee wameamua, nami nilikaa nao nikanyamaza."

"Nikisema kweli yote?"

Alijua namaanisha nini. Mzee Elieza na wenzake wakisikia kwamba Mchungaji alimeza punje ya omukago mbele ya madhabahu, hatamaliza mwezi huu hapa Kiruruma. Nilimwona anafikiri. Macho yalikwenda jikoni, yakaenda kwenye paa la nyumba aliyopewa, yakarudi.

"Basi utasema kweli yote," akajibu. Hakuniomba kitu.

Nilipoaga, mkewe alitoka na chane mbili za ndizi, akanipa. Miaka tunayojuana hajawahi kunipa hata maganda ya kulishia mbuzi! Mchungaji akanisindikiza mpaka mwisho wa kahawa zake, akanishika mkono.

"Haya, munywani."

Akashtuka mwenyewe. Akakohoa. "Ndugu. Haya, ndugu Zakaria."

Nikajifanya sikusikia.

Kwa hiyo hesabu mwenyewe, daftari langu, wewe ambaye huna tumbo la kuvimba. Kama nimenywana na Mungu, basi ni kwa desturi ile ile ninayotakiwa kuikana Jumapili. Nikiikana ili nibaki karibu naye, nitakuwa nimekata kamba niliyoifunga leo asubuhi. Kama aliyenimeza ni Mchungaji tu, basi nina ndugu mpya ambaye kazi yake ni kuniamuru nimwache ndugu wa zamani. Na kwa sheria yetu, munywani wa munywani wangu ni wangu. Ndiyo kusema Mchungaji na Katunzi sasa ni jamaa, mmoja anasoma Kiebrania, mwingine anauliza kama maji ya ubatizo ni ya moto. Na kama hakuna chochote kilichotokea, kama ilikuwa punje tu na tumbo tu, mbona Mchungaji alishindwa kuitupa?

Mzee Elieza angesema nimejaa kiburi, nataka kumshika Mungu kwa sheria kama mtu anavyomshika shemeji. Inawezekana. Nimejichunguza na sikuona kiburi, lakini nasikia kiburi ndicho kisichojiona. Katunzi angesema nimefanya sawasawa, ila nilipaswa kuleta mkeka. Yudita hasemi. Anapika.

Mambo machache najua, na niyaandike kabla hayajanikimbia.

Sitamwacha Katunzi. Nimeligeuza neno hili toka mchana, nikalipindua kama mtu anayetafuta upande laini wa kulalia, na kila upande ni huo huo. Nitaiacha Meza kama lazima, na nitalia, na Yudita atalia. Lakini sitasimama mahali niseme kwamba yule mtu si wa kwangu. Na la Mchungaji nitalinyamazia. Wakiniuliza kama nimeungama yote, sijui nitawatazamaje machoni. Kunyamaza kwa ajili ya ndugu ni dhambi au si dhambi? Ningemwuliza Mchungaji, lakini sasa yeye ndiye jambo lenyewe.

Kesho, umande ukiwa bado kwenye nyasi, nashika njia ya Kaisho. Nataka Katunzi ayasikie haya kwangu mimi, asiyasikie kwa wachuuzi wa kahawa, maana njia hiyo ina midomo. Na nataka kumwuliza swali la sheria, kwa kuwa katika mambo ya omukago yeye ni mwalimu kuliko wote hapa: mkono ukipokea kwa niaba ya mwingine, watu wamenywana au hawajanywana? Mkristo nakwenda kumwuliza mpagani habari za Mungu wangu. Yudita nimemwambia nakwenda kutafuta mbegu za maharage. Ameniangalia, akanifungia ndizi za njiani za kutosha watu wawili.

Punje ya pili ninayo hapa. Imekauka kidogo, haina damu ya mtu. Hiyo ni sehemu yake Yeye, ya kuipaka au kutoipaka. Nimeiweka kati ya karatasi za daftari hili, na imeshaacha doa la utomvu kwenye ukurasa.

Kabla sijakaa kuandika, nilisimama katikati ya migomba nikamwita. Sikutumia jina la darasani wala la kitabuni. Nilisema "Munywani," mara moja, kwa sauti ndogo majirani wasisikie, nikanyamaza kusikiliza.

Hakuna kitu. Mbuzi alipiga chafya. Eva akapita na mtungi akauliza, "Baba unaongea na nani?" nikamjibu ashike njia yake. Nilijiona mjinga, uso ukanichoma. Nikaja hapa kwenye kinu.

Na sasa ninapoandika nimekumbuka. Vitani nilikaa miaka minne. Katunzi hajui kuandika, sikupata barua yake hata moja, sikuona uso wake, sikuisikia sauti yake. Mvua zilipoanza kule Burma nilikuwa najua tu kwamba huku kwetu msimu umefika na kuna mtu yuko shambani kwangu anapalia. Niliogopa mengi kule, niliogopa risasi, niliogopa homa, niliogopa kuzikwa na watu nisiowajua. Lakini hakuna siku hata moja niliyojiuliza kama Katunzi yupo.